Ule ukurasa wa 1992: namna tulivyobishana juu ya masomo ya watoto wetu

Maneno tuliyosema mbele ya vijana, walimu na wazazi, Lubumbashi



Leo hatukuja kusoma tangazo la maandamano, mtatusamehe. Tumekuja kueleza kazi iliyokaribia kutushinda mara tatu, na ambayo mpaka leo haijaisha: kuandika, pamoja na watu wasiokubaliana, kile mtoto wa hapa kwetu anapaswa kujua juu ya inchi yake kabla hajamaliza mwaka wa nane.

Mnajua ilivyoanza. Tangu 2024 ministeri ya masomo inaitwa Ministeri ya Elimu ya Taifa na Uraia Mpya. Jina zuri. Sisi tukajiuliza: huo uraia mpya utaandikwa na nani, na ndani yake kutakuwa nini? Katiba, kifungu cha 45, inailazimisha Serikali kuhakikisha kwamba Katiba yenyewe na haki za binadamu zinafundishwa. Lakini muulize mwanafunzi wa umanite leo kifungu cha 64 kinasema nini. Wengi watakujibu waliandika kwenye kaye, mwalimu akasaini, basi.

Tukasema: tusingoje tu. Programu ya masomo inatengenezwa Kinshasa, na ofisi ya ministeri inayoitwa DIPROMAD. Ni kazi yake, hatutaki kumunyanganya mutu kazi. Lakini mwananchi ana haki ya kupeleka pendekezo. Basi tukaita walimu wa masomo ya Leta, walimu wa masomo ya Kikatolika na ya Kiprotestanti, wazazi wa komite, wanafunzi kumi na wawili, tukakaa pamoja kila Jumamosi ndani ya sali tuliyopewa bure. Tulifikiri Jumamosi sita zitatosha. Zilikuwa kumi na nne.

Ugomvi wa kwanza haukuwa wa siasa. Ulikuwa wa masaa. Kila mtu alikuja na somo lake mfukoni: huyu mazingira na vumbi la migodi, yule uongo wa WhatsApp, mwingine afya, mwingine namna ya kupiga kura, mwingine heshima kwa wazee. Yote mazuri. Papa mmoja mwalimu alinyamaza muda mrefu, halafu akasimama kwenye ubao akajumlisha. Kwa kufundisha yale yote angehitaji masaa tisa kwa juma. Kwenye ratiba yake ana saa moja. Tukaweka sheria: anayeongeza kitu aseme hapo hapo ni kitu gani kitoke. Kelele zilipungua nusu. Tunawaambia hivi kwa sababu mara nyingi watu wanafikiri wanagombana juu ya dini au kabila, kumbe wanagombania dakika hamsini.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa luga. Tuandike «batoto» ao «watoto»? Mnacheka, lakini kuna watu walitoka inje ya sali kwa hasira. Na si neno la leo. Mwaka wa 1962 programu mpya iliweka Kifaransa kuwa luga ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Mwaka wa 1974, wajuzi wa luga wa inchi nzima walikutana hapa hapa Lubumbashi, wakaomba luga za taifa zirudi masomoni. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 nayo inasema mtoto aanze kufundishwa kwa luga za taifa ao luga ya pale anapoishi. Sawa. Lakini Kiswahili gani? Kile cha vitabu, ambacho mtoto wa Kenya ao wa Katuba hakisikii nyumbani, ao kile cha nyumbani, ambacho wazazi wenyewe wanakiita «ya mu njia»?

Hapo tulifanya jambo moja ambalo tungeanza nalo kama tungekuwa na akili: tuliacha kubishana tukaenda kujaribu. Maana swali la «mtoto anaelewa nini» halihitaji maoni, linahitaji mtoto. Tuliandika maneno yale yale kwa namna mbili, tukawapa wanafunzi wa mwaka wa saba. Yale ya nyumbani waliyaelewa haraka, wakayaeleza bila shida. Lakini mmoja akauliza: «Hii iko mu kitabu kweli?» Hawakuyaamini. Kwao kitabu hakisemi kama mama. Basi tukakubaliana: maelezo na maulizo ya mazungumuzo kwa Kiswahili chetu, maandishi ya kubaki kwa Kiswahili cha kitabu, na maneno makubwa yaandikwe pia kwa Kifaransa, kwa sababu ekzame ya Leta itamungoja kwa Kifaransa. Hakuna upande uliopata yote. Na hakuna aliyetoka tena.

Juu ya dini tutasema kidogo. Wengine wetu tulitaka kuandika somo la uraia bila kuuliza makanisa. Ni ujinga, na tuliambiwa hivyo waziwazi. Mobutu aliyachukua masomo ya makanisa mwaka wa 1974, somo la dini likatoka, na tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilisaini mapatano ya kuyarudisha mikononi mwa makanisa, kwa sababu ilikuwa imeshindwa kuyaendesha. Leo sehemu kubwa ya masomo ya Leta yanaongozwa na makanisa. Ukurasa usiokubalika kwa padri na pasta utafika mlangoni tu. Walikuja, walibishana nasi juu ya mistari miwili ya mafundisho ya maisha na mwili, na ile mistari sasa imeandikwa vizuri kuliko tulivyoiandika sisi. Tuendelee.

Ukurasa wenyewe sasa.

Ndani ya sehemu ya historia ya jimbo, kijana mmoja wetu aliandika ukurasa juu ya 1992 na 1993. Wadogo waliozaliwa nyuma, tuwaeleze. Mwezi wa Agosti 1992 Konferansi ya Taifa ilimuchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Jean Nguza Karl-i-Bond, mtu wa hapa. Jimbo lilikuwa linaitwa Shaba. Maneno ya chuki yalikuwa yamekwisha kusemwa kwenye mikutano na kwenye redio. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwenye nyumba zao Likasi, kisha Kolwezi mwaka wa 1993. Mamia ya maelfu waliondoka. Walilala kwenye stesheni za treni majuma na majuma, na wengi, zaidi watoto na wazee, walikufia pale na ndani ya treni, kwa njaa na magonjwa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa. Babu zao waliletwa na wazungu wa Union Minière na wa reli kuanzia miaka ya 1920 kuja kufanya kazi.

Ukurasa ukasomwa kwa sauti. Sali ikanyamaza. Halafu papa mmoja, mtu wa upole, mwenye watoto wanne masomoni, akasema: «Mutoto wangu alizaliwa 2011. Juu ya nini alipe deni ya batu bengine? Kesho mu kalasi batamuita muuaji.» Mwingine akaongeza kwamba hakuna mahali ukurasa unasema namna kazi za Gécamines zilivyogawanywa, na nani alikuwa shefu na nani alikuwa anasukuma toroli. Upande wa pili ukawaka: kwa hiyo watu kufa ndani ya treni ni juu ya toroli? Na mnajua hali ya leo, jina Tshisekedi liko ikulu. Kila mstari unasomwa kama kampanye.

Kosa letu la kwanza: tulipiga kura. Tuko chama cha demokrasia, kura ni dawa yetu ya kila homa. Kumi na saba walitaka ukurasa ubaki ulivyo, tisa walikataa. Tukapiga makofi. Jumamosi iliyofuata, kati ya wale tisa, watano hawakuja. Na walimu watatu waliopiga kura ya ndiyo wakatuambia pembeni kwamba hawataufundisha kamwe. Kura inaweza kuchagua mbunge. Haiwezi kumufanya mwalimu asimame mbele ya watoto hamsini na tano akafundishe kitu anachokiogopa.

Kosa la pili: tulitaka kuung'oa. «Tuutoshe tu, tubakie na amani.» Karibu tuseme ndiyo. Ni mama mmoja aliyetuzuia. Hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Alisema: «Miye nilizaliwa Kolwezi. Baba yangu alikufia mu treni. Mukitosha ile paje, ni sawa vile munasema hakukuwaka mutu.» Akakaa. Papa wa watoto wanne ndiye aliyemuletea maji.

Tulipofika nyumbani tuliendelea kufikiri. Ukitoa ukurasa kitabuni, habari yenyewe inaenda wapi? Inabaki sebuleni. Kila nyumba inafundisha ukurasa wake, bila mwalimu, bila mtu wa kuuliza «ulijuaje?» Kwa jirani zetu Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, somo la historia ya inchi lilisimamishwa masomoni kwa miaka mingi, kwa sababu hakukuwa na maelewano juu ya kile cha kuandika. Tunaelewa sababu. Lakini mtoto hakusimamisha kuuliza maulizo yake miaka hiyo yote.

Basi tukatafuta waliofanya vingine. Tuliwapata mbali, Ujerumani. Miaka ya 1970, wajuzi wa kule, wa mrengo wa kushoto na wa kuume, walikuwa wamegawanyika kabisa juu ya somo la uraia. Kila jimbo lilifuata chama kinachotawala. Mwaka wa 1976 Siegfried Schiele, aliyeongoza ofisi ya elimu ya uraia ya jimbo la Baden-Württemberg, aliwaita wote kwenye kijiji cha Beutelsbach. Hawakupiga kura, hawakusaini kitu. Mtu mmoja kati yao, Hans-Georg Wehling, aliandika baadaye mambo matatu aliyoona hakuna anayeyakataa. Mwalimu asimushindilie mwanafunzi mawazo yake. Jambo linalobishaniwa na wajuzi na wanasiasa, lifundishwe kama jambo linalobishaniwa. Na mwanafunzi apewe uwezo wa kuchunguza siasa na kuona masilahi yake mwenyewe yako wapi. Walimu wa kule wanayashika mpaka leo, hata kama si sheria.

Mfano wa pili utawapendeza vijana. Januari 2003, wanafunzi karibu 500 wa Ufaransa na Ujerumani walikutana Berlin kama bunge la vijana, wakaomba inchi zao mbili, zilizopigana mara tatu ndani ya miaka sabini na mitano, ziandike kitabu kimoja cha historia. Watu wazima wangeweza kucheka. Kitabu cha kwanza kilitoka 2006, kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kile kile kwa luga mbili. Na pale ambapo inchi mbili haziangalii jambo kwa jicho moja, kitabu kinaweka macho yote mawili mbele ya mwanafunzi.

Tusidanganyane, wale wana bajeti na karatasi. Lakini njia yenyewe haina bei. Jumamosi ya tisa tukawaendea wale watano nyumbani kwao, mmoja mmoja, tukaomba radhi kwa ile kura. Wanne walirudi. Tukauweka ukurasa mezani tena, mara hii mstari kwa mstari, na kila mstari tukauuliza: wewe ni tukio, ao ni maelezo ya tukio?

Hapa kuna mtego, na tulikaribia kuangukia ndani. Mtu mmoja alitaka yote yaende upande wa «mabishano»: wengine wanasema watu walifukuzwa, wengine wanasema waliondoka wenyewe, mtoto achague. Apana. Ile si heshima kwa maoni, ni kuficha kwa adabu. Kwamba watu walifukuzwa, stesheni zikajaa na watu wakafa, hayo hayabishaniwi na mtu mwenye nia njema. Yameandikwa na Human Rights Watch mwaka wa 1993. Yameandikwa pia na Umoja wa Mataifa ndani ya ile ripoti ya Mapping ya tarehe 1 Oktoba 2010, yenye matukio 617 kuanzia Machi 1993 mpaka Juni 2003. Vijana wa Lubumbashi tunaibeba ile ripoti kwenye mabango juu ya Kivu na Ituri, na wengi wetu hatukujua kwamba inaanza na sisi, na Kolwezi.

Kinachobishaniwa ni sababu. Uzito wa maneno ya viongozi, mkono wa Mobutu aliyetaka wapinzani wake wagawanyike, hasira ya watu waliojiona wageni kwenye migodi ya kwao. Hayo tukayaandika kama mabishano, na lile lalamiko la Gécamines likaandikwa kama lalamiko, kwa maneno ya wenyewe, bila kulifanya kuwa ruhusa.

Halafu tukafika kwenye neno lililotuchukua Jumamosi mbili nzima: ni nani aliyetenda? Ukurasa wa kwanza ulisema «Wakatanga waliwafukuza Wakasai». Papa wa watoto wanne alikuwa na haki, ile ilimuweka mtoto wake ndani ya sentensi. Lakini «Wakasai walijikuta wanaondoka», iliyopendekezwa na mwingine, haikuwa na mtu ndani kabisa, kama vile mvua ndiyo iliyowafukuza. Tuliandika kile kinachojulikana: viongozi wa jimbo walichochea, na vijana wa chama UFERI, waliojiita JUFERI, walienda nyumba kwa nyumba. Chini yake tukaweka majirani waliowaficha wenzao, maana wazee wawili pale pale mezani walikuwa wamefanya hivyo na hawakuwahi kumuelezea mutu.

Vijana wenzetu, muone ile herufi ya kwanza ya JUFERI inasimamia nini. Vijana. Wa umri wetu, wenye tisheti na nyimbo, walioambiwa kwamba wanaokoa jimbo lao. Sehemu hii ndiyo tuliyobishana kidogo kabisa na iliyotuumiza zaidi.

Neno la mwisho la kubishania lilikuwa lengo la somo. Rasimu ilisema: «Mwisho wa somo, mwanafunzi atakubali kwamba...» Mwalimu mmoja wa kike akalikata kwa biki nyekundu. Atakubali? Utapima namna gani, na ni nani alikutuma ndani ya roho yake? Tukaandika: «Mwanafunzi ataweza kueleza yaliyotokea, kutaja maelezo mawili yanayotofautiana juu ya sababu, na kusema kila moja linasimama juu ya ushahidi gani.» Baada ya kubadilisha neno moja, wawili kati ya waliokuwa wanakataa walisema sasa wanaweza kusaini. Hawakuwa wanaogopa historia. Waliogopa mtoto wao alazimishwe kuungama.

Juu ya jina la nani litangulie kwenye ukurasa wa mbele, na feza ya transporti, tulibishana pia. Majina yako kwa alfabeti, na transporti haikuwako. Wenye kukasirika walikasirika.

Sasa yale ambayo hayajaisha, tuyaseme wazi. Hesabu ya waliokufa: hatukuafikiana, na ndani ya ukurasa tumeandika kwamba hesabu zinatofautiana na sababu yake, lakini mama wa Kolwezi anaona ni kidogo, na tunafikiri ana haki. Kati ya wale tisa, mmoja hajarudi. Tumemuomba aandike mwenyewe sababu zake, karatasi yake itaenda Kinshasa pamoja na yetu, bila kuguswa. Na kuna ulizo la yule papa mwalimu wa masaa tisa. Ametuuliza mara mbili: «Siku muzazi anakuja na hasira masomoni juu ya ile paje, nani atasimama na miye?» Komite za wazazi wa masomo matatu zimekubali kusaini barua kwamba somo hili ni lao pia, mwalimu hakulitunga peke yake. Masomo matatu ndani ya muji mzima. Prefe wa masomo mengine wanatujibu «tutaona».

Jumamosi ijayo tutasoma ukurasa wote kwa sauti, mara ya mwisho kabla ya kuutuma, saa nane kamili, sali ile ile. Mama wa Kolwezi atakuwako. Karatasi tunazo nakala arobaini tu, kwa hiyo muje wawili wawili, na yule wa pili awe mtu asiyekubaliana nanyi. Biki nyekundu tutagawa mlangoni.